Mashuka ya Jirani

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Sikuwa mgonjwa, wala sikuishiwa na karatasi. Nilikuwa na shauri lililo mikononi mwa watu, na sipendi kumwandikia mtu habari ya nusu. Shauri lenyewe halijaisha, lakini kungoja kumenishinda. Nakaa, nasimama, naenda langoni, narudi. Mama yako ameniuliza kama nimekalia siafu.

Yeye hajambo, kwa kadiri ya mtu ambaye hajashuka kitandani tangu mwaka jana. Anakula, anagomba, na kila Jumapili akimaliza kuzungumza nawe kwa simu hunisimulia upya yale yale niliyoyasikia nikiwa nimeketi ubavuni pake. Mimi pia ni mzima. Ungeweza kuniuliza haya kwa simu, najua. Simu ni ya kujuliana hali. Jambo lenye uzito huandikwa.

Ni hivi. Mashine ya kufulia uliyotununulia kwenye kampuni yenu imesimama. Ilianza kunguruma kama lori linalopanda mlima, kisha ikavuja maji yenye kutu, kisha ikakataa kabisa kuzunguka. Dhamana yake ni ya miaka mitatu na haijafika hata nusu, kwa hiyo sikufadhaika. Niliisoma dhamana yote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma ambayo aliyeyaandika hakutarajia yasomwe, nikafuata kila agizo. Sikuisogeza. Sikuifungua. Jirani yetu fundi, yule tunayemwita Bisibisi, alikuja na mfuko wake wa vyuma akasema, "Mzee, nipe mchana mmoja tu." Nikamwonyesha kifungu kinachosema kwamba mashine ikifunguliwa na fundi asiye wa kampuni, dhamana inakufa. Akacheka. "Basi acha ife mashine, dhamana ibaki hai." Nikamfungulia mlango atoke.

Fomu yao ya madai nimeijaza. Waliuliza kama mashine inatumika kwa mahitaji ya nyumbani tu, wakaacha nafasi ya ndiyo au hapana. Neno moja halikutosha kusema ukweli, nikaambatisha maelezo: kwamba tunafua mashuka ya dada yangu, mgonjwa wa kitandani, na kwamba kila Jumatano tunafua pia mashuka ya muuguzi jirani, ambaye huja kumgeuza na kumwogesha bila kutudai chochote. Mama yako alisema, "Karani, wamekuuliza kama una mlango, wewe umewapa na ufunguo." Lakini nimefanya kazi mahakamani maisha yangu yote. Sijui kujibu nusu ya swali.

Sikuandikii ili unipitishie mlango wa nyuma. Nilitaka tu ujue kwa nini nilinyamaza.

Mjomba wako.


Tarehe 29 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na kwa Mama pia shikamoo. Mimi mzima, ila kazini hatutulii. Wametuhamisha tena. Sasa meza yangu iko ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya karakana, na kila mashine inayojaribiwa huko chini inakitembeza kikombe changu mezani. Nimezoea kuandika kwa mkono mmoja na kushika kikombe kwa mwingine.

Barua yako iliponifikia, fomu yako nilikwisha kuiona. Ililetwa kwangu kati ya nyingine nyingi, nami nikautambua mwandiko kabla sijasoma jina. Kanuni yetu inasema dai la ndugu lisiguswe na ndugu, kwa hiyo nililipeleka siku hiyo hiyo kwa mwenzangu wa meza ya pili, ambaye sote humwita Bwana Haiwezekani. Sikumwambia wewe ni nani kwangu. Nilidhani ndivyo ungependa.

Fundi wetu atakuja. Akija, Mjomba, nakusihi: mjibu alichouliza, uishie hapo.

Hujasema nani anafua sasa. Nilipomuuliza Mama, alisema "tunajikaza", akaanza kunieleza habari ya pazia la dirishani. Pazia lina nini?

Mpwa wako.


Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Pazia halina kitu. Mama yako hajambo. Amepata kidonda kidogo cha mgongoni, muuguzi anakitazama, na hakuna sababu ya wewe kuacha kazi kuja kukitazama pia.

Ulifanya vyema kulitoa dai langu mezani kwako. Ungelifanya vinginevyo ningeliliondoa.

Fundi wenu alikuja siku ya Jumatano. Kama angeambiwa achague siku mbaya, asingepata iliyo mbaya zaidi, kwa sababu kamba zote za uani zilikuwa zimejaa mashuka. Alisimama mlangoni akayatazama.

"Mzee, hapa mna wageni wa kulala?"

"Hapana. Ni dada yangu na mimi."

"Na shuka zote hizi?"

Nilikumbuka ushauri wako. Nikasema, "Ni shuka."

"Naona ni shuka. Za nani?"

Ameuliza, nami nikajibu. Akatoa simu akapiga picha kamba. Mama yako akapaza sauti kutoka chumbani: "We fundi! Mashine iko huku ndani! Huko nje umepiga picha chupi za Karani!" Kijana wa watu aliona haya, akaingia, akaipiga mashine kofi mgongoni kama mtu anayemuaga punda, akaondoka. Hakuinama. Hakulegeza hata skrubu moja.

Barua ya kukataa imefika. Inasema mashine imetumika kibiashara na kwa hiyo dhamana imeondoka. Muuguzi ameisoma, na tangu hapo anakataa kabisa kutupa mashuka yake. Anasema ndiyo yaliyotuponza. Amekuwa akiingia chumbani kwa mama yako kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Hilo limeniuma kuliko mashine.

Kwa hiyo nina swali moja, na nakuuliza wewe kwa kuwa unakaa juu ya karakana. Je, ni kweli mashuka ya jirani ndiyo yaliyoiua mashine?

Kuhusu ufuaji, usihangaike. Nguo zinafuliwa.

Mjomba wako.


Tarehe 2 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Safari hii kimya ni changu, na sina kisingizio cha kuandika. Kila Jumapili nimezungumza na Mama huku nikiomba asikupe simu. Mara mbili nilikusikia ukikohoa karibu yake. Hukuitaka simu wewe, na mimi sikuiomba ikufikie.

Uliandika kwamba nguo zinafuliwa, hukuandika anayefua. Nilimpigia muuguzi. Ameniambia ni wewe, kwenye beseni, umekaa kigodani, na kwamba viungo vya vidole vyako vimevimba hata vifungo vya shati huwa anakufungia yeye. Ameniambia pia kwamba kidonda cha Mama si kidogo, na hakitapona kama shuka haibadilishwi kila inapolowa. Ungeniambia, Mjomba. Ningefanya nini sijui, lakini ungeniambia.

Sasa swali lako. Jibu ni hapana.

Kwenye ekseli ya pipa kuna raba ya mviringo, inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Katika mashine za aina yako raba hiyo ni nyembamba, na hupasuka. Ikipasuka maji yanaingia, beringi inaoza, pipa linasimama. Huko chini karakana wana kapu lililojaa raba hizo. Nimeshuka nikaziinua mojamoja. Zote zimepasuka mahali pamoja, kana kwamba zimekatwa kwa wembe mmoja. Mafundi wenyewe wanatania kwamba hilo ndilo kapu la mayai, kila moja lina ufa. Mashine mpya zinazotoka sasa zina raba nene. Maana yake wakubwa wanajua.

Lakini sisi wa kitengo cha dhamana hatuulizwi habari za raba. Tumefundishwa kumsoma mteja. Akitaja jirani, ni biashara. Akisema taa zilipepesa, ni umeme wake. Akitaja mtoto, ni uzembe. Na asiyetaja kitu, tunamwambia maelezo yake hayatoshi. Wapo wanaopita, wale wanaojua kupiga kelele. Wengine huondoka wakijilaumu, kama muuguzi wenu. Mwambie arudishe mashuka yake.

Nimekujibu kwa kuwa uliuliza. Lakini mshahara huu ndio dawa za Mama, na wewe unajua hakuna mwingine. Nakuomba usiniulize swali la pili.

Mpwa wako.


Tarehe 15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Asante kwa jibu. Muuguzi nimemwambia, alikaa kitako akalia, kisha akaenda kuleta mashuka, ingawa hakukuwa na mashine ya kuyafua. Swali la pili sitakuuliza.

Nimekwenda baraza la kuwatetea wanunuzi. Ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, na feni yake inazunguka polepole kuliko mtu anavyofikiri. Nimelalamika kwa jina langu na kwa mashine yangu. Sikutaja raba, wala kapu, wala kwamba nina mpwa. Nilisema tu: mashine imo jikoni kwangu, haijaguswa, mlete fundi asiye wa kampuni aifungue mbele ya pande zote mbili. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alisema kwamba huo ndio ushahidi bora aliowahi kuletewa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepunguziwa miaka.

Nilipofika langoni nikasikia mashine inazunguka.

Bisibisi alikuwa jikoni amekaa chini, mikono imejaa grisi, na mama yako anamwamrisha kutoka chumbani kama nahodha. Kumbe nilipotoka tu alimtuma muuguzi akamwite.

"Dada," nikasema, "umefanya nini?"

"Nimefuliwa shuka."

"Ule ulikuwa ushahidi!"

"Karani, mimi silalii ushahidi. Nalalia shuka, na imelowa. Wewe unataka haki, mimi nataka kukauka. Yako itakuja lini?"

Nilisema nilichosema. Nilipaza sauti, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa kijana. Bisibisi akajifanya anatafuta spana. Mama yako akaningoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nipe mkono wako." Akavitazama vidole vyangu kwa muda mrefu. "Na hivi nilikuwa nivitazame mpaka lini?"

Nikalibeba beseni nikalitoa nje.

Kwa hiyo mashine inafanya kazi, na shauri langu limevunjika. Raba iliyopasuka ninayo, lakini kampuni itasema Bisibisi ndiye aliyeipasua, na kwa kanuni watakuwa na haki ya kusema hivyo. Nimemweleza mwenyekiti ukweli wote. Amesema shauri halitafutwa bado. Ataiandikia kampuni ilete mtu wa kitengo cha dhamana aeleze jinsi madai yanavyoamuliwa. Nimeshtuka kusikia hivyo. Sikuliomba, na nakuandikia mapema ili lisikukute umegeuza mgongo.

Mjomba wako.


Tarehe 6 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi Mama amekauka. Mwambie sikumcheka. Kusema kweli nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima.

Wamejua. Sijui waliliona jina langu kwenye risiti ya mashine, au waliilinganisha anwani ya nyumbani. Pengine Bwana Haiwezekani ana macho kuliko nilivyodhani. Meneja aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, jambo ambalo lilinitia hofu papo hapo, maana pale watu hukaripiwa wakiwa wamesimama.

"Kumbe mlalamikaji ni mjomba wako! Si ungesema? Sisi ni familia moja hapa."

"Kanuni inasema nisiliguse dai lake."

"Kanuni ni za watu wa nje," akasema. "Mzee wetu tunampa mashine mpya. Ile kubwa, yenye kukausha. Utampelekea wewe mwenyewe. Tunakupa likizo, tunakupa na gari."

Akasogeza karatasi. Inasema unaondoa malalamiko na unakubali kwamba mashine iliharibika kwa sababu ya matumizi.

"Atatia sahihi?" akauliza.

"Hamumjui mjomba wangu."

"Ndiyo maana tunakutuma wewe, si posta."

Kisha, nilipokuwa nimefika mlangoni, akanitupia la pili kama vile amelikumbuka sasa hivi. Baraza limeandika. Wanataka mtu wa kitengo chetu, na yeye amenipendekeza mimi. Nitasema tu kwamba sisi husoma fomu, na kwamba mambo ya karakana hatuyajui. "Si uongo," akasema. "Kazi yako ni fomu."

Nikikataa kwenda, atajua kwa nini. Nikienda na kusema alivyosema, nitakuwa nimekaa mbele yako na kukuambia usoni kwamba mashuka ya jirani ndiyo yaliyoiua mashine. Nikienda na kusema nilichokiona kwenye kapu, sitapanda ngazi zile tena.

Karatasi iko mkobani mwangu. Mashine yenye kukausha ingekausha shuka za Mama hata siku za mvua. Niambie nifanye nini, Mjomba. Najua niliomba usiniulize. Sasa mimi ndiye ninayeuliza.

Mpwa wako.


Tarehe 14 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatembea nayo hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Muuguzi alinipita njiani akadhani nimepoteza kitu.

Sitakuambia ufanye nini. Usidhani ni ukali. Nikikuambia sema, na ukafukuzwa, nitakuwa nimeuza dawa za dada yangu ili nishinde shauri. Nikikuambia nyamaza, nitakuwa nimefanya kama wao, tena kwa kumtumia mtu wa damu yangu. Nimejaribu kutafuta neno la tatu. Mpaka sasa sijalipata.

Lililo langu naweza kulisema. Karatasi hiyo sitaitia sahihi, iletwe na wewe, iletwe na meneja, iletwe na gari au kwa miguu. Sikubali kuandika kwamba muuguzi wetu aliharibu alichokuwa akikilipa kwa mikono yake kila siku ya Mungu. Na mashine tunayo. Bisibisi ametia raba nene aliyoitoa kwenye pampu ya maji, na mashine inazunguka kimya hata natilia shaka kama imewashwa.

Mama yako alitaka nimsomee barua yako. Nilimsomea yote isipokuwa ile sehemu ya mshahara na dawa. Akanitazama. "Umeruka mahali, Karani. Pumzi yako imebadilika." Nikamsomea. Kisha akaniambia nichukue kalamu, na hapa namnukuu, bila kusahihisha:

"Mwanangu, mimi ni mama yako, sio kisingizio chako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, lakini useme unanyamaza kwa sababu ya kwako. Usiniweke mimi mbele kama ngao. Dawa nilikunywa kabla hujapata kazi hiyo, na zilikuwa chungu vile vile. Kidonda kinaziba. Kula vizuri."

Ndivyo alivyosema. Ukija nyumbani, njoo mikono mitupu, na karibu sana.

Mjomba wako.


Tarehe 25 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Nakula vizuri.

Karatasi nimeirudisha. Nilimwambia meneja hutatia sahihi na mimi sitaibeba. Aliipokea bila kuinua macho, akasema, "Bado kuna baraza." Tangu hapo hanisalimu, na fomu hazipiti tena mezani kwangu. Nakaa tu. Kikombe kinatembea, nakirudisha, kinatembea tena. Wenzangu wanakuja kuazima kalamu ili wanitazame usoni.

Jana nilishuka mapokezi kunyoosha miguu. Palikuwa na mama mmoja amesimama na fomu yake, hajui ajaze nini. Aliponiona na kitambulisho cha kampuni akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanapouliza kama kuna mtu mwingine anatumia mashine, niandike kweli?" Mlinzi alikuwa anasikia. Nilifungua mdomo. Nikamwambia kalamu yake inavuja, nikampa yangu, nikapanda juu.

Nimeyasoma maneno ya Mama mara nyingi. Nilikuwa na sababu nzuri, Mjomba, sababu ambayo mtu yeyote angeiheshimu: mama mgonjwa, dawa zake. Ameichukua yote kwa pumzi chache. Nilipotafuta kilichobaki chini yake nilikuta woga mtupu, wa kwangu mwenyewe, wala haukuhusu dawa hata kidogo. Naogopa kuonekana mjinga. Naogopa kutoka kwenye jengo hili nimebeba kikombe mkononi huku watu wakitazama kutoka madirishani.

Baraza linakaa Alhamisi ijayo. Tiketi nimekata, kwa hiyo utaniona nikiingia. Nitakayoyasema ndani ya chumba kile bado siyajui. Usinipigie simu, wala usimwache Mama anipigie. Nikishaamua nitakuandikia, hata kama ni siku ile ile asubuhi, na barua nitakuletea kwa mkono wangu mlangoni pa baraza, uisome kabla sijafungua mdomo.

Mpwa wako.